Pengo la Babake

Pengo lile lilikuwa la ukoo. Ndivyo Jerop alivyoambiwa, na ndivyo alivyoamini tangu Apiyo aanze kucheka akiwa na meno. Mtoto akifungua mdomo, kwenye taya la chini, kulia na kushoto, kulikuwa na nafasi pale ambapo watoto wengine wana chonge, lile jino lenye ncha. Cyril, babake, alikuwa na nafasi hizo hizo. Wageni wakija kwao Kapsoya, mtaa wa Eldoret, mchezo ulikuwa mmoja: mtoto aambiwe acheke, baba naye aambiwe acheke, halafu watu wapige makofi waseme huyu hamwezi kumkana hata mkitaka. Jerop, binti wa wafugaji wa kijiji cha Ziwa, ambaye meno yake yamejipanga bila nafasi ya kupitisha uzi, alikuwa akiona wivu kidogo. Umbebe wewe, umzae wewe, halafu atoke na mdomo wa kina Cyril wa Kendu Bay. Lakini alicheka pamoja nao, maana pengo lenyewe lilimpendeza mtoto.

Kwa hiyo siku aliyompeleka Apiyo kwa daktari wa meno, pengo hilo hata halikuwa kichwani mwake. Alimpeleka kwa sababu ya aibu. Jerop ni mwalimu, na muhula uliopita watu wa afya walikuja shuleni wakawaambia wazazi kwamba mtoto aangaliwe meno mara mbili kwa mwaka, hata kama haumwi popote. Mwalimu Jerop akasimama mbele ya wazazi akayarudia maneno hayo kwa sauti ya mamlaka, na wa kwake, mwenye miaka sita, hajawahi kukanyaga kliniki ya meno hata siku moja. Aibu hiyo ilimkaa kooni mpaka shule zikafungwa. Akapiga simu mjini, akapewa siku.

Siku yenyewe ilimkuta vibaya. Joni, mdogo wake Apiyo, wa miezi saba, alikuwa anaharisha tangu juzi. Mwili moto, mate yanamchuruzika, kila kitu anachoshika kinaenda mdomoni. Fizi zake za chini zilikuwa zimevimba pande zote mbili. Jerop alisema ni meno. Selpha, jirani wa mlango wa pili, alisema ni meno. Kapsoya nzima hakuna mama asiyejua kwamba mtoto akiota meno huharisha, na Jerop hakuona sababu ya kujifanya anajua zaidi ya Kapsoya nzima.

Aliyekuwa akimlea Joni ni mama yake Cyril. Watoto humwita Dana, yaani nyanya kwa Kijaluo, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo. Alitoka Kendu Bay kuja kukaa na mtoto Jerop aliporudi kazini, kwa sababu Cyril yuko Moi's Bridge kwenye maghala ya mahindi na nyumbani huja wikendi tu. Dana ni mwanamke mrefu, mkimya, wa kushika kazi kabla hujaitaja. Jerop alimheshimu, na kusema ukweli alimwogopa kidogo, kama mke yeyote mwenye akili zake anavyomwogopa mama mkwe. Hakuwahi kumbishia hata kwa chumvi ya mboga.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Apiyo alipokuwa wa umri huo huo wa Joni, Jerop alikuwa chuoni akifanya mitihani ya mwisho, naye akamwacha mtoto Kendu Bay kwa Dana. Huko Apiyo aliugua: joto, kuharisha, vile vile. Jerop alipokwenda kumchukua alimkuta amekonda lakini mzima, anacheka, fizi zimevimba kidogo tu. Dana alimwambia kwamba mtoto alifanyiwa dawa ya nyumbani, amepona. Jerop alishukuru na wala hakuuliza dawa gani. Mama mkwe amekuokolea mtoto, wewe uanze kumhoji kama askari? Alishukuru, akamfunga mtoto mgongoni, akarudi Eldoret.

Basi asubuhi hiyo, mguu mmoja ndani na mmoja nje, Apiyo anavutwa mkono, boda inanguruma langoni, Jerop aligeuka akasema maneno aliyokuja kuyajutia.

“Mama, mfanyie tu Joni kile ulichomfanyia Apiyo wakati ule.”

Dana alimtazama. “Umesema wewe?”

“Nimesema, Mama.”

Mwanamke huyo akainamisha kichwa, akamkaza mtoto kifuani. Jerop aliona mikono yake ikitetemeka. Akadhani ni baridi, si unajua asubuhi za Eldoret mwezi wa nne, akaenda zake.

Daktari wa meno aliitwa Kabura, mwanamke mcheshi mwenye viatu vya raba, na ndani ya dakika chache Apiyo alikuwa amelala kwenye kile kiti kirefu akijitazama kwenye kioo kidogo kana kwamba ameletwa kupigwa picha.  Daktari alihesabu meno kwa sauti, Apiyo akihesabu naye. Alipata gego moja limeanza kutoboka nyuma, akasema litazibwa siku nyingine, si la kuliliza mtoto leo. Akauliza kama mtoto hupiga mswaki kabla ya kulala. Jerop akasema ndiyo, Apiyo akasema hapana, na wote watatu wakacheka.

Kisha daktari akafika kwenye pengo. Kuhesabu kukakoma. Alipitisha kidole upande wa kulia, akapitisha wa kushoto, akarudia kulia. Alivuta taa karibu. Cheko lilimtoka usoni polepole, na Jerop akaliona likitoka.

Akawahi kumtoa wasiwasi. Akasema hilo si kitu, Daktari, hilo ni pengo la babake. Baba mtu analo, pande zote mbili, hata shangazi mmoja analo, ni la ukoo. Aliyasema huku akicheka kile kicheko cha wageni wa sebuleni.

Daktari Kabura hakucheka. Alimwinua Apiyo, akampa picha ya kupaka rangi, akamkalisha kwenye meza ya pembeni. Akavua glavu, akavuta kiti karibu na Jerop.

“Mwalimu, hili si pengo la kuzaliwa nalo. Hili limechimbwa.”

Jerop alisikia maneno lakini hayakuingia. Daktari akaendelea kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu aliyewahi kuyasema mara nyingi na hajayazoea. Kuna watu, akasema, mtoto mchanga akishikwa na joto na kuharisha, hutazama fizi. Pale chonge linapojiandaa kutoka huwa pamevimba na kuwa peupe. Basi wanasema hilo ni jino la plastiki, jino bandia lililoletwa na ugonjwa, na lisipotolewa mtoto atakufa. Wanachukua kisu, au spoki ya baiskeli iliyonolewa, wanapasua ufizi na kulichimbua jino lingali laini. Hakuna ganzi, hakuna chochote, mtu anashika kichwa na mwingine anachimba. Kuharisha kukiisha kwenyewe, jino ndilo linalosingiziwa. Na mara nyingi jino la ukubwani lililo chini yake huharibika pia, ndiyo maana baba mtu mpaka leo ana pengo.

Jerop akamfikiria Cyril akicheka mbele ya wageni. Cyril mwenyewe hakujua. Naye aliambiwa ni la ukoo.

“Na kusipoisha kwenyewe?” aliuliza. “Huko kuharisha.”

Daktari alimtupia Apiyo jicho kwanza. Akasema mtoto anayeharisha amekwisha kupungukiwa maji, hana nguvu. Ukimwongezea kidonda, damu imwagike, ashindwe hata kunyonya, uchafu umwingie kwenye damu, huyo anaweza kwenda mbele ya macho yako. Alisema wengine huletwa hospitalini wakiwa wamechelewa. Hakusema wamechelewa kiasi gani.

Hapo ndipo maneno ya asubuhi yalipomrudia Jerop, yote, na sauti yake mwenyewe. Mfanyie tu Joni kile ulichomfanyia Apiyo.  Akaikumbuka mikono ya Dana ikitetemeka, na safari hii hakudhani ni baridi.

Alipiga simu ya Dana. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alikuwa akibonyeza jina la mtu mwingine, anafuta, anarudia. Daktari Kabura aliichukua simu mkononi mwake, akapiga yeye, haikushikwa. Jerop akasema jaribu Selpha. Daktari akapiga, akamrudishia simu; Selpha alishika mara moja, na kwa furaha yake yote akatoa habari: Dana ametoka na mtoto amemfunga vizuri kwenye shali, ameuliza kwa Nakhumicha, yule mama wa meno anayekaa nyuma ya kisiagi cha unga, na yeye Selpha amemwelekeza.

“Si alisema wewe ndiye uliyemtuma?” Selpha akauliza.

Jerop alikata simu. Na angejibu nini? Ndiye aliyemtuma kweli.

Alimnyakua Apiyo na picha yake ambayo haijaisha kupakwa rangi. Daktari alimshika bega mlangoni. “Uwahi usiwahi, huyo mtoto mpeleke kituo cha afya leo. Ukimkuta analia bila machozi, hata nyumbani usipitie. Maji yamemwisha.”

Barabara ya kutoka mjini ilikuwa imejaa malori ya Uganda yamesimama. Mwenye boda alipenya pembeni, akapanda ukingoni, akatukanwa na mahamali na yeye akawatukana. Apiyo alikuwa katikati, ameshikwa na mama kwa nyuma mpaka akalalamika kwamba anabanwa. Jerop hakulegeza.  Alikuwa akipiga hesabu za kijinga: labda kuna foleni, labda huyo mama amekwenda sokoni, labda Dana amepotea njia. Dana hapotei njia. Hapo ndipo ilipomwuma zaidi, kwamba mwanamke huyo hana tabia ya kuchelewesha kazi aliyotumwa.

Na alikuwa akiogopa kitu kingine, tusifichane. Aliogopa kufika. Atamwambia nini mama mkwe? Atamnyang'anya mtoto mbele ya watu? Kwa mila za kwao na kwa mila za kina Cyril, mke anayemnyang'anya mama wa mumewe mtoto mikononi anazungumzwa mpaka wajukuu. Na akichelewa kuwaza hayo, spoki haingoji.

Apiyo aligeuza kichwa akauliza kama Joni ataenda kwa daktari wa meno pia. Jerop akasema ndiyo, akikua. Apiyo akasema basi yeye atamfundisha kufungua mdomo.

Kisiagi kilikuwa kinasaga, vumbi la unga limetanda hewani, kelele ya mashine inaingia mpaka kwenye meno. Nyuma yake kulikuwa na ploti ya vyumba vya mabati, na mbele ya chumba cha mwisho benchi. Wanawake wawili walikuwa wamekaa na watoto wachanga mapajani, wametulia kabisa, kama watu wanaongoja chanjo. Ndani, mtoto alikuwa analia.

Kilio kile si cha njaa wala cha usingizi. Mama yeyote anakijua kilio cha mwanawe hata sokoni, lakini Jerop wakati huo hakujua chochote tena, kila kilio duniani kilikuwa cha Joni.  Aliacha mkono wa Apiyo, akasukuma pazia akaingia.

Hakuwa Joni. Alikuwa mtoto wa mwanamke mwingine, kijana tu, anayelia pamoja na mwanawe huku akimfuta mdomo kwa kitambaa chenye damu. Nakhumicha, mama wa makamo mwenye aproni safi, alikuwa ameinama akiosha kitu chembamba kwenye beseni la maji ya moto. Hakuwa na sura ya mtu mbaya. Hilo lilimtisha Jerop kuliko kama angemkuta na pembe. Na kwenye kigoda, karibu na beseni, zamu yake ikiwa imefika, alikuwa amekaa Dana, shali imefunguliwa, Joni amelazwa magotini kichwa kikiangalia mwangaza.

Jerop aliinama akamfungua mtoto mdomo kwa kidole. Fizi zilikuwa nzima. Zimevimba, nyeupe pale pale alipopataja daktari, lakini nzima. Alitaka kukaa chini alie. Badala yake akanyoosha mikono.

“Mama, nipe mtoto.”

Dana hakumpa. Alimwambia akae, zamu yao imefika, na kwa kuwa amekuja ni vizuri, atashika kichwa. Alisema kwa upole, macho hayamtazami.

Jerop akasema alikosea asubuhi. Alisema hakujua anachokitaja, alidhani ni dawa ya miti, ametoka kwa daktari sasa hivi na daktari amemweleza kila kitu. Meno hayaleti kuharisha. Hakuna jino la plastiki. Alikuwa akiyasema haraka haraka, yanagongana, sauti yake inapanda juu ya kelele za kisiagi, na kadiri alivyosema ndivyo alivyoona mikono ya Dana ikizidi kumkaza mtoto.

Nakhumicha alijifuta mikono kwa aproni. Akasema yeye hamshiki mtoto wa mtu kwa nguvu, mama mtu na nyanya mtu wapatane, lakini wapatane upesi kwa sababu nje kuna wenzao.

“Wewe hujui,” Dana akamwambia Jerop. “Mimi ninajua.”

Hapo akamweleza. Jerop alijua kwamba Cyril alizaliwa pacha, na kwamba pacha mwenzake msichana alikufa akiwa mdogo, ndiyo maana binti yao akapewa jina lake, Apiyo. Zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kumwambia. Sasa Dana alimwambia, kwenye kigoda, kwa sauti ile ile ya upole. Mapacha walikuwa wa miezi saba. Wote wawili walishikwa, joto na kuharisha, siku moja. Akawapeleka kwa mwanamke wa meno, mmoja mgongoni na mmoja kifuani.

“Nikamshika Cyril kwanza. Kichwa hapa, miguu hapa. Alilia mpaka sauti ikaisha. Ilipofika zamu ya Apiyo, mikono yangu ikakataa. Nikasema huyu tutamrudisha kesho.” Akamvutia Joni shali miguuni. “Kesho yake tulikuwa tunamzika. Cyril yuko, anakula, ana kazi, amekuoa wewe. Apiyo nilimhurumia, na hiyo huruma ikamwua. Apiyo wa kwako nilimshika. Na huyu nitamshika.”

  Daktari Kabura na taa yake walikuwa mbali sana. Mbele ya Jerop kulikuwa na mwanamke aliyewatazama watoto wawili, mmoja akapona na mmoja akafa, na ushahidi gani mwingine mtu angetaka ili aamini? Aliogopa kwamba atashindwa. Aliogopa kwamba atalazimika kumvuta Joni mikononi mwake kwa nguvu, huyu avute huku na yule avute kule, mtoto mgonjwa katikati. Nakhumicha alikuwa amekwisha kukichukua kile chuma chembamba kutoka kwenye beseni, anakikausha.

Joni akaanza kulia. Uso ulijikunja, mdomo ukafunguka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo mno. Jerop alipiga magoti kwenye sakafu ya simiti akamtazama, na akayaona macho yake. Yalikuwa yamedidimia. Na mashavu makavu.

“Mama,” alisema. “Mtazame. Analia na hana machozi.”

Dana hakuelewa. Jerop akarudia, polepole safari hii, kama anavyorudia kwa mtoto wa darasa la kwanza. Alisema daktari amemwambia mtoto akilia bila machozi basi maji yamemwisha mwilini. Kinachomwua ni hicho. Siyo jino. Ukimkata atatoka damu, na hata hayo maji kidogo yaliyobaki yatatoka.

Dana alimshika Joni chini ya jicho kwa kidole gumba, akakivuta shavuni. Akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu. Akafanya hivyo kwenye jicho la pili, akakitazama tena. Joni aliendelea kulia kile kilio chake kidogo, na nje kisiagi kikaendelea kusaga. Uso wa mwanamke yule ulibadilika. Jerop hajawahi kuona kitu kama hicho tangu azaliwe, na hataki kukiona tena.

“Apiyo pia,” Dana akasema. “Siku ile. Alilia hivi hivi, nikamfuta, hakukuwa na kitu cha kufuta.”

Kisha akasimama. Hakumpa Jerop mtoto, alimfunga kifuani kwa shali akatoka naye mwenyewe, kwa hatua ndefu, na Jerop alilazimika kukimbia ili amfikie, Apiyo akiburutwa nyuma. Wale wanawake wa benchi waliwaangalia wakipita. Jerop alirudi hatua mbili akawaambia waende hospitali na watoto wao, waende sasa, hapa si mahali. Mmoja alisimama. Mwingine alitazama pazia, akatazama mwanawe, akabaki amekaa. Jerop angekuwa na muda angembembeleza. Hakuwa na muda.

Katika kituo cha afya hawakuulizwa maswali mengi. Muuguzi, kijana mmoja aitwaye Kigen, alimbana Joni ngozi ya tumbo, akaiona inarudi pole pole, akawapitisha mbele ya foleni yote bila kuomba ruhusa ya mtu. Jerop alisimama amejikunyata ukutani. Ile hofu ya njiani ilikuwa na mahali pa kukimbilia. Hii haikuwa na mahali. Alimwona Kigen akimsikiliza mtoto kifua, akimwangalia macho, akiandaa sindano ya kumwekea maji kwenye mshipa halafu akaiacha kwanza kando, na kila alichofanya Jerop alikisoma usoni mwake akitafuta kama ni habari mbaya.

Mwishowe Kigen akasema mtoto bado anaweza kumeza, kwa hiyo wataanza na mdomo, na wasipoona nafuu watatundika chupa. Alipasua pakiti, akamimina unga wake kwenye chupa ya maji safi, akatikisa, akamimina kikombeni, akatafuta kijiko. Dana alikichukua kijiko kabla ya Jerop kunyoosha mkono. Akaketi, akamweka Joni mapajani, akaanza. Kijiko kimoja. Anangoja ameze. Kingine. Joni alitapika vile vya mwanzo, Jerop akafumba macho. Kigen akasema hapana, endelea tu, polepole. Dana akaendelea. Mikono yake haikutetemeka.

Walikaa hivyo mchana wote. Apiyo alilala kwenye benchi, mdomo wazi, pengo lake linaonekana, na Jerop akajikuta hawezi kulitazama. Ilipofika jioni, Joni alisukuma kijiko kwa ulimi akakunja uso akalia, na tone moja likamtoka kwenye jicho la kushoto. Lilikuwa dogo, lakini Dana aliliona. Alilifuta kwa kidole gumba, akamwonyesha Jerop hicho kidole, na Jerop akalia yeye, kwa sauti, bila haya, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni.

Kigen alirudi kuwatazama, akaridhika. Aliwapa pakiti za kwenda nazo nyumbani, akawaeleza wampe baada ya kila choo, na wamrudishe kesho. Dana alimwuliza ndani ya hizo pakiti kuna nini. 

Kigen akamjibu kirahisi, kama mtu anayejibu swali la kila siku. Alisema ni maji tu, Mama, na chumvi na sukari. Hata usipokuwa na pakiti unatengeneza nyumbani, maji yaliyochemka, sukari, na chumvi kidogo. Watu wengi hawajui, wanahangaika bure. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Dana alibaki na kijiko mkononi. Joni alifungua mdomo akingoja, na kijiko hakikuja. Jerop aliona mawazo yake yalikofika, akaogopa, akatafuta kitu cha kusema. Akasema, “Mama, hukumwua. Umesikia? Ile huruma yako haikumwua.”

“Nimesikia,” Dana akasema.

Akachota kijiko, akampa mtoto, akangoja ameze.

“Walikuwa mapacha,” akasema. “Watu hawakuacha kuja kuwaona. Kila aliyekuja alileta sukari. Jerop, nyumba yangu ilikuwa imejaa sukari.”